Marumaru Mguuni mwa Baba

Usiku wa jana niliota nimekuwa marumaru. Si marumaru ya sakafuni, ambayo ningeielewa, maana nusu ya mabafu ya Korogwe marumaru zake nimezipanga kwa mikono yangu. Nilikuwa marumaru ya ndani ya bomba. Bomba lenyewe lilikuwa laini, lina joto, na ndani yake ilipita damu.

Nilikuwa nimelala chali, nimebanwa na wenzangu kila upande, kiwiko kwa kiwiko. Kazi ilikuwa safi. Hapakuwa na mwanya hata wa kupitisha wembe, na mimi kama fundi niliona wivu. Nilitaka kuuliza ni nani aliyepanga, nimpe heshima yake, na pia nijue analipisha kiasi gani.

"Usijigeuze," akasema jirani yangu wa kulia. Alikuwa bapa kama mimi, ana uso wa mama mtu mzima aliyekaa sana kwenye mikeka ya misiba. "Ukijigeuza wewe, damu inavuja, halafu lawama tunapewa ukuta mzima."

"Samahani, mama. Hapa ni wapi?"

"Kwenye mshipa mdogo. Sisi ndio ukuta wake wa ndani. Wasomi wanatuita seli. Sisi wenyewe hatujiiti chochote, hatuna nafasi ya kujiita."

"Mshipa wa nani?"

"Wa mzee mmoja wa Manundu. Mguu wa kushoto, upande wa kidole kidogo. Mzee mwenye wageni wengi sana."

Nikajua niko mguuni mwa baba. Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, anauliza tu choo kiko wapi.

Hapa inabidi nieleze habari za huyu mzee, maana asiyemjua atadhani nilikuwa natalii. Baba yangu, Mzee Mhando, alifanya kazi kiwanda cha kamba za katani mpaka akastaafu. Ana ugonjwa wa sukari, na miguu yake imekufa ganzi zamani. Mwaka huu kandambili ilimchubua pembeni ya mguu, hakusikia. Tulipokuja kuona, mchubuko umeshakuwa shimo. Nesi Tumsifu wa zahanati ndiye anayemsafisha na kumfunga bandeji, na kila akimfunga anasema maneno yaleyale: kidonda hakijaanza kuota nyama nyekundu kwa sababu damu haifiki, na damu haifiki kwa sababu mishipa mipya haijaota. Iacheni bandeji. Asiiguse mtu mpaka mimi. Alhamisi daktari atautazama mguu, na kama shimo bado ni jeupe, utakatwa chini ya goti.

Baba hambishii Nesi Tumsifu. Anamwitikia, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ya upole kabisa. Kisha wageni wanakuja.

Kwetu mgonjwa hajuliwi hali kwa kutazamwa kitambaa. Mtu ametoka Maguzoni kwa miguu, amebeba mkungu wa ndizi, utamwonyesha fundo jeupe? Baba anafungua bandeji. Anafungua taratibu, tabaka kwa tabaka, na mimi ninayemjua naona kwamba ana fahari kidogo. Mgeni anashika mdomo. Anasema pole, anasema lo, anasema shangazi yake alikuwa na kidonda kikubwa kuliko hiki na alipona kwa majivu ya maganda ya ndizi. Baba anafunga tena, na kwa sababu ni mtu wa kamba, anafunga fundo zuri kuliko la zahanati. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema, na wote wanacheka, yeye kwa kile kicheko chake kinachoishia na kikohozi. Mama ananitazama mimi. Mimi natazama dari, naona mafundi wengine walivyoiharibu.

Nifanye nini? Ni baba. Sijawahi kumwambia usifanye, na hakuna aliyenifundisha maneno yake yanaanzaje.

Basi nimelala chali kwenye ukuta wa mshipa wake, nasikia mtu anabisha hodi mgongoni mwangu.

"Karibu," nikasema, maana adabu haina likizo.

Kikajipenyeza kitu kifupi, kama kipande cha kamba kilichochanika ncha zote mbili. Kilikuwa na sauti ya mtu aliyekunywa kahawa nyingi.

"Mimi ni kipande cha protini," kikasema. "Jina la ukoo, Kolajeni. Zamani nilikuwa ndani ya babu, kamba ndefu ya nyuzi tatu iliyosokotwa. Nilipokuwa mzima pamoja naye sikuwahi kusema neno. Juzi nimekatwa, na tangu hapo sinyamazi."

"Pole kwa kukatwa."

"Asante, ndiyo kazi yenyewe. Njooni huku."

"Huku wapi?"

"Huku niliko mwingi."

Nikamwambia mbele yangu namwona yeye mmoja tu. Akasema hapa yuko mmoja, mbele kidogo yuko watatu, mbele zaidi amejaa mpaka anajikanyaga. Nisitazame, ninuse. Ule upande ninakomsikia zaidi, huo ndio upande. Hakuna ramani nyingine.

Ikawa kweli. Kiwiko changu cha kushoto kilikuwa kinanusa kitu, na cha kulia kinanusa kidogo tu. Sijui kiwiko kinanusaje. Nilikuwa marumaru, sikuwa katika hali ya kudai maelezo.

"Kumekucha," akasema jirani wa kulia. "Aliyenusa kwanza ndiye anayetangulia. Waguse majirani."

"Niwaguse vipi?"

"Gusa kila mmoja begani, umwambie 'si wewe'. Wote wakitangulia ukuta unabomoka."

Nikamgusa yeye, nikasema si wewe. Nikamgusa wa kushoto, nikasema si wewe. Hakuna aliyenuna. Mtaani kwetu neno hilohilo lingeleta kamati mbili, na msikiti wa pili.

Nikaanza kutembea. Nitaeleza namna ya kutembea, kwa sababu imeniuma kitaaluma. Unanyoosha mkono kwenda kwenye harufu. Unapapasa. Ukipata pa kushika, kiganja kinatoa gundi chenyewe, kinanata. Unajivuta. Halafu kisigino, ambacho kimenata kule ulikotoka, unakibembeleza kiachie. Kikikataa, unachanika katikati. Kisha unaanza upya.

Mimi nimewahi kuitwa na mteja wa Mombo arudishiwe fedha kwa sababu marumaru moja ilitikisika akiikanyaga. Moja. Nilimwomba radhi mbele ya mke wake. Marumaru inayotembea ni mwisho wa fundi. Na sasa hapa nilikuwa natambaa, na nyuma yangu jirani wa kulia amenishika shati, na nyuma yake mwingine amemshika yeye, msururu mzima, na wote wananisifu.

"Unakwenda vizuri, baba," akasema jirani. "Usituache mkono tu. Tukiachana, nyuma panakuwa tundu."

Tulikopita palibaki uwazi mrefu wa mviringo. Ule uwazi ndio bomba jipya. Damu ilitufuata humo kwa mbali, inauliza kila mara kama tumeshafika.

Ghafla bomba limekwisha na niko kiwandani.

Ni kile kiwanda cha baba, na mashine zimezimwa. Kamba zimetandazwa kila mahali, nene kama mapaja, za nyuzi tatu, zimelala moja juu ya nyingine mpaka kwenye paa. Zimenyamaza. Ni ukimya wa wazee walioulizwa habari ya shamba la urithi. Tunatambaa katikati yake, na mimi natafuta pa kushika.

Anatokea Mkasi. Anatembea kwa ncha zake mbili, tak, tak, amevaa aproni.

"Shikamoo," nikamwambia, maana alionekana mkubwa.

"Marahaba. Nyie ndio mishipa?"

"Ndiyo. Mbona unakata kamba za baba?"

"Kamba nzima inashika tu, haisemi," akasema Mkasi. Akakata ncha ya kamba iliyokuwa karibu naye. Kipande kikaanguka sakafuni na papo hapo kikaanza: njooni huku, njooni huku. "Umeona? Nampa mdomo. Na kwa kukata ndivyo ninavyowafungulia njia, mwili wote huu ungepita wapi?"

"Na ukikata zaidi ya kiasi?"

Mkasi akatazama chini. Alijifunga na kujifungua kidogo, kama mtu anayechezea vidole.

"Hapo mnakosa pa kukanyaga," akasema. "Katika mguu huu nimekata zaidi ya kiasi, sikatai. Kila paa likifunguliwa napewa taarifa ya hatari, nakata. Linafungwa, linafunguliwa, nakata tena. Mimi ni mkasi, baba. Sina njia nyingine ya kusikitika."

Sikumwelewa ni paa gani. Nilitaka kuuliza, lakini kipande kipya kilikuwa kimeanza kugombana na kingine kilichokuwa kando yake.

"Njooni huku," kilisema cha kwanza.

"Simameni hapo mlipo," kilisema cha pili. Kilikuwa na sauti nzito ya mlinzi wa benki.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ndugu yangu," akasema Njooni kwa uchungu. "Babu zetu waliishi mwili mmoja. Mimi nilikatwa, yeye naye akakatwa, mimi nawaita watu na yeye anawafukuza. Tumeuaibisha ukoo."

"Nisipowafukuza mimi," akasema Simameni, "mtajenga mishipa mpaka kwenye kope. Nimeona majengo ya namna hiyo. Yanaitwa uvimbe, na wenyewe hawakuomba ushauri."

Nikaona hoja yake ni ya fundi. Hata mimi mteja asiyejua aishie wapi amenitesa kuliko asiye na fedha. Lakini Alhamisi ilikuwa inakuja, na nilikuwa na msururu wa watu mgongoni, na damu inauliza. Nikamgeukia jirani.

"Mama, tumsikilize nani?"

Jirani hakusita. "Nusa," akasema. "Aliye mwingi ndiye mwenye neno. Nani mdogo, nani mkubwa, hiyo si kazi yetu."

Nikanusa. Upande wa kidole kidogo, Njooni alikuwa amejaa tele, na Simameni alikuwa peke yake na hoja yake. Tukashika njia ya kidole kidogo. Simameni alitusindikiza kwa macho bila chuki. Alisema atakuwepo tukimhitaji, na nadhani alisema kweli.

Mlango wa kiwanda ulifungukia sebuleni kwetu. Kochi ni lilelile, kitambaa cha mama cha kufuma ni kilekile, ila sakafuni badala ya mkeka kulikuwa na vipande vya protini, vimetawanywa kama vibao vya njia. Na juu yake alikaa mgeni. Mweupe, mnene, amevaa vizuri, anatabasamu. Alikuwa amevikalia vile vipande, na chini yake zilisikika sauti zilizozibwa: njo, njo, njo.

"Karibuni," akasema, ingawa kwetu ni kwetu. "Mimi naitwa Sukari."

"Tunakufahamu," akasema jirani.

"Nimekaa tu. Nilikuja na chai ya asubuhi, nikasema nipumzike kidogo."

"Umekalia njia, bwana Sukari," nikamwambia. "Tunapita kwenda kidondani."

"Lo, sikujua. Samahani sana." Akajaribu kuinuka. Kochi likainuka naye. Akakaa tena. "Nimenata," akasema. "Ndivyo nilivyoumbwa. Nikikaa mahali muda mrefu, mimi na mahali tunakuwa kitu kimoja. Lakini nyie piteni tu, msijali mimi."

Tungepitaje? Vibao vyote vilikuwa chini yake. Msururu ulianza kunung'unika. Nilitaka kumfukuza, nikaanza sentensi, ikanishinda. Mtu amesema samahani. Amevaa vizuri. Yuko sebuleni kwa mama. Nilisimama pale na gundi yangu mkononi, nikamwuliza habari za nyumbani.

Jirani wa kulia akaguna. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema, na kwa sababu ilikuwa ndoto, jembe likawa mkononi mwake, la mpini mpya. Akampa.

"Asante sana," akasema Sukari, akalipokea kwa mikono miwili kama alivyofunzwa. Likamnata. Akabaki amekaa na jembe limesimama mapajani, anatabasamu, hajui alifanye nini. Lakini kwa kulipokea alikuwa amesogea upande mmoja, na chini ya paja lake kikaonekana kipande kimoja, kimelowa, kinahema.

"Huku," kikasema.

Tukapita hapo, mmoja mmoja, tunambonyeza Sukari kidogo na kumwomba radhi.

Sasa tumefika. Sijui nilijuaje, lakini nilijua. Ni uwanja mpana, mweupe, wa utando kama ukoko wa uji. Hapa hakuna mshipa, hakuna kitu, na baridi inatoka chini. Juu yetu kuna paa la nyuzi nyeupe zilizofumwa, limeinama chini mpaka nyuzi zake zimegusa uwanja na kuushika. Na vipande vimesimama uwanjani, vingi, kila kimoja kinaita. Nasikia harufu mpaka kwenye meno.

Naweka mkono wa kwanza kwenye uweupe. Gundi inatoka. Inashika.

Nyuma yangu jirani anaweka wake. Nyuma yake bomba linajinyoosha, na damu inaingia ndani yake kwa mara ya kwanza, nyekundu, inasukuma. Uwanja pale nilipo unaanza kupata rangi. Doa dogo tu, la waridi. Nilifurahi kuliko siku niliyomaliza bafu la mkuu wa wilaya. Nilitaka kumwita mtu aje aone.

"Hodi humu," ikasema sauti kutoka juu ya paa, kubwa kama radi.

"Karibuni, karibuni," ikaitikia sauti nyingine, na hiyo niliijua.

"Lala," akasema jirani.

"Kuna nini?"

"Wageni. Lala, shika sana."

Paa likaanza kupanda. Halikupanda peke yake. Zile nyuzi zilizoushika uwanja ziliubandua, zikabeba utando, zikabeba vipande vikiwa bado vinaita, zikabeba lile doa langu la waridi. Palichanika kwa sauti ninayoijua, sauti ya kubandua marumaru kabla simenti haijakauka. Mwanga ukaingia.

Na juu ya mwanga, nyuso. Nyuso kubwa kama milima ya Usambara, zimeinama, zimeshika midomo.

"Lo," ukasema uso wa kwanza. "Pole, Mzee Mhando. Mguu huu."

"Asali," ukasema wa pili. "Mpakeni asali ya nyuki wadogo."

"Majivu ndiyo," ukasema wa tatu.

Wa nne ulitoa simu, pana kama kiwanja cha mpira, ukasema inuka kidogo nimpigie picha mjomba wa Dodoma naye aone. Ukapiga. Haikutoka vizuri. Ukapiga tena.

Nilimgeukia jirani nimwambie kitu, nikakuta shati langu limeachwa. Alikuwa amenata kwenye nyuzi za paa, anapanda nalo, anazidi kuwa mdogo. Hakulia, hakulalamika. Alinitazama kama mama anayepelekwa mahali pa lazima na amesahau kuzima jiko.

"Wasalimie wa nyuma," akasema.

Nililia. Nasema wazi, nililia kwa sauti, nikiwa marumaru, mbele ya watu. Sikujua hata jina lake, na hatukuwahi kufikiria kuwa na majina.

Paa likarudishwa. Nikasikia fundo linafungwa juu yetu, fundo zuri, la mtu wa kamba. Kisha kimya. Nikanusa kushoto, nikanusa kulia, kila upande sawasawa. Hakuna aliye mwingi. Palipo sawasawa pande zote hakuna pa kwenda, na msururu mzima ukasimama nyuma yangu. Kwa mbali nilisikia Mkasi anaanza kukata, tak, tak, anasikitika.

"Hii ni mara ya ngapi?" nikauliza.

"Hatuhesabu," akasema aliyekuwa nyuma ya jirani, ambaye sasa alikuwa jirani. "Tunaanza tu upya. Ila safari hii tumechoka. Nani anafungua?"

Nikajifanya napapasa pa kushika.

"Tumekuuliza, uliye mbele. Wewe umetoka nje, unamjua. Nani anafungua?"

"Ni mwenye mguu," nikasema.

"Basi mwambie asifungue."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Ni baba yangu."

Halafu zikacheka seli, zote, kutoka pale nilipo mpaka kule tulikoanza, na kicheko chao nilikijua. Ni kile cha kikohozi mwishoni. Waliposema, walisema pamoja, kwa sauti moja, sauti iliyonifundisha kufunga kamba za viatu.

"Na sisi ni nani, Kibwana?"

Nilitazama kiganja changu chenye gundi.

"Sisi nasi ni baba yako. Kuanzia utosini mpaka kisiginoni. Anayefungua ni mkono tu na mdomo, na hao ni wachache. Wengi ndio sisi huku chini. Unamheshimu mkono, sisi unatuvunjia heshima?"

"Hapana, baba."

"Basi tunakuagiza. Utakwenda au hutakwenda?"

"Nitakwenda."

"Na umwamkie kwanza," wakasema. "Usije ukamparamia."

Niliamka kumeshakucha, mashavu yamelowa. Nilikuwa kwenye kochi la sebuleni, ambako nalala tangu baba augue. Mama alikuwa jikoni, nasikia vikombe. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mguu juu ya kigoda, na mbele yake ameshakaa Mzee Shembilu, jirani yetu wa nyumba ya tatu, na mkungu wa ndizi miguuni. Ndio kwanza alikuwa amemaliza salamu.

"Ehe," akasema Mzee Shembilu, akivaa miwani. "Hebu tuuone huo mguu, Mhando. Nimesikia habari zake mpaka msikitini."

Mkono wa baba ukaenda kwenye fundo.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba," akasema, na akanitazama, maana salamu ilikuwa na haraka isiyo ya kawaida. Mkono ulibaki kwenye fundo.

"Baba, usifungue."

Mama alitokea na sinia la chai, akasimama mlangoni. Mzee Shembilu akavua miwani yake, akaanza kuifuta. Miaka yangu arobaini na kitu, nina wake wa watu wanaonisubiri nimalize mabafu yao, na hilo ndilo katazo langu la kwanza kwake.

"Nani amesema nisifungue?" akauliza baba. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Wewe, baba."

Akafungua mdomo. Nililiona jibu linakuja, lile la kumjibu mtoto aliyekosa adabu mbele ya wageni, na nilikuwa tayari kulipokea kwa mikono miwili. Halikutoka. Alinitazama, akautazama mguu, akautazama mkono wake uliokuwa umeshika fundo, kama anaufahamu lakini amesahau ni wa ukoo gani. Kisha akauondoa. Akavuta shuka, akaufunika mguu mpaka vidoleni.

"Bwana Shembilu," akasema, "leo utanipa pole hivyohivyo ulivyokaa. Huko ndani kuna watu wako kazini."

"Watu gani?"

"Wewe nipe pole tu."

Mzee Shembilu akampa pole. Alikuwa na dawa ya kutaja, nilimwona, lakini bila kidonda cha kutazama haikupata pa kuanzia, wakaishia kuzungumza habari za mvua.

Alhamisi bado haijafika. Sijui daktari atakuta nini. Najua tu kwamba mpaka naondoka kwenda kazini fundo lilikuwa lile la Nesi Tumsifu la jana jioni, baya, la zahanati, halijaguswa. Mama alikuwa amemimina chai, akachota sukari kwenye kijiko ili amtilie baba, kama anavyomtilia siku zote kwa siri yao wawili ambayo nyumba nzima tunaijua. Baba akaziba kikombe kwa kiganja.

"Usinitilie," akasema. "Yule bwana tumempa jembe na bado amekaa."

Mama akanitazama, anataka nimfafanulie. Mimi nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote.